INJINI IKIZIMIKA ANGANI, TUSITAFUTE MTU WA KUTWIKA MZIGO

Ndugu Wafanyakazi,

Wengine wenu mtauliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na mafunzo ya urubani? Hayo si mambo ya wenye fedha? Twajibu hivi. Anayefungua koki ndogo chini ya tangi la petroli alfajiri, kutazama kama mna maji, ni mfanyakazi. Anayetoa plagi za injini na kuzisafisha ni mfanyakazi. Mwalimu anayeketi kando ya mwanafunzi, naye hulipwa kwa saa kama kibarua, ni mfanyakazi. Na mwanafunzi mwenyewe siku hizi mara nyingi ni mtoto wa mfanyakazi, ambaye wazazi wake wamechukua mkopo katika chama cha akiba au wameuza kipande cha shamba ili mtoto apate kazi ya maana. Basi ndege ndogo ya mafunzo ikipata shida angani, walio ndani yake na walioitengeneza ni watu wetu.

Twaandika habari hii kwa sababu liko jambo lililotokea kwa watu wetu, nalo limeleta maneno mengi katika tawi. Hatutataja jina la mtu wala la chuo. Jambo lenyewe latosha.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi yetu ya Nairobi ambapo mawingu hufunika mji asubuhi na nguo zilizoanikwa hazikauki. Ilipata saa nne. Mawingu yalikuwa yamepanda juu kiasi cha kuruhusu ndege za mafunzo kuruka. Binti wa mwanachama mwenzetu alikuwa peke yake katika ndege ya zamani ya viti vinne, yenye injini moja na kabureta. Alikuwa amemaliza mazoezi yake juu ya nyanda za malisho kusini mwa mji, naye alikuwa akiteremka polepole kurudi, mkono wa mafuta ameurudisha nyuma. Alipousukuma mbele ili apate nguvu, injini haikuitika sawasawa. Akavuta mkono wa hewa moto kama alivyofundishwa. Injini ikatetemeka vibaya kuliko kwanza, ikakohoa. Binti akadhani ameharibu, akaurudisha mkono mahali pake. Haukupita muda injini ikakosa nguvu kabisa, propela ikawa yazungushwa na upepo tu.

Alikuwa futi kama 2,000 juu ya ardhi. Aliituliza ndege katika mwendo wake, akachagua uwanja wa malisho uliokuwa mbele yake upande wa upepo, akasema shida yake katika redio, akafunga petroli, akazima swichi, akatua. Gurudumu la kushoto liliingia katika shimo la ngiri, mguu wa gurudumu ukapinda na ncha ya bawa ikakwaruza chini. Wachungaji waliofika kwanza walimkuta ameketi juu ya majani, mzima, ameshika ufunguo wa ndege mkononi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Alasiri, jua limekwisha kutoka, wakubwa wa chuo walifika pamoja na fundi. Waliinua ndege kwa jeki, wakaifunga isitembee, wakawasha injini. Ikawaka mara ya kwanza! Wakaiacha ikanguruma kwa dakika kumi, haina kasoro. Basi wakasema: injini ni nzima, mtoto aliogopa bure, yeye ndiye aliyeivunja ndege. Wiki iliyofuata baba yake aliletewa barua ya kulipa ile sehemu ya gharama ambayo kampuni ya bima hailipi. Na fundi aliyeikagua ndege asubuhi ile akaambiwa mshahara wake utakatwa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipitisha.

Twauliza swali jepesi. Kama injini ilikuwa nzima, fundi amekosa nini? Na kama ilikuwa mbovu, binti amekosa nini? Hayo mawili hayawezi kukaa katika barua moja. Lakini tajiri akitafuta mtu wa kulipa hatazami kama maneno yake yanakubaliana. Atazama tu ni nani aliye karibu na asiye na nguvu.

Tena yatubidi kusema kweli: hata katika tawi letu wako waliosema, "Injini imewaka, basi msichana amesema uongo." Ndugu hao twawaheshimu, ila hapa wamekosea, na twataka kuwaonyesha walipokosea.

Injini yaweza kuzimika kwa barafu, halafu barafu ikayeyuka, na asionekane shahidi yeyote. Mambo ni hivi. Katika kabureta hewa hupita mahali pembamba, na hapo petroli hugeuka kuwa mvuke. Kitu kikigeuka mvuke huchukua joto, kama vile ukijimwagia spiriti mkononi wasikia baridi. Hewa nayo ikipanuka hupoa. Kwa sababu hizo mbili joto ndani ya kabureta laweza kushuka kwa digrii 20 au hata 30 za selsiasi. Kwa hiyo siku ya digrii 15, yenye unyevu, ambayo sisi twaiita baridi ya kuvaa sweta tu, ndani ya kabureta huwa chini ya kuganda. Unyevu wa hewa hugeuka barafu, barafu hushika kwenye kile kibati kinachofungua na kuziba njia ya hewa, na injini hukosa pumzi. Hatari huzidi rubani anapoteremka kwa nguvu ndogo, maana kibati kimekaribia kufunga na njia ni nyembamba zaidi. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile: Julai, unyevu, kuteremka polepole.

Ndege ikiisha kutua, injini bado ina moto wake, na jua latoka. Kufikia alasiri barafu imekuwa maji, na maji yamekauka. Mkague injini hiyo mwaka mzima, hamtaona kitu. Kwa hiyo mtu akisema "injini imewaka, basi haikuzimika", hajui kabureta, au ajua na ataka fedha.

Dawa ya barafu ni ule mkono wa hewa moto. Ukiuvuta, injini hupata hewa iliyopitishwa karibu na bomba la moshi, na barafu huyeyuka. Lakini liko jambo moja ambalo kila mwanafunzi ni lazima aambiwe kabla hajaruka peke yake. Barafu ikiyeyuka, maji huingia katika injini, na injini hutetemeka na kukohoa zaidi kabla ya kupona. Yaweza kuchukua nusu dakika au zaidi. Asiyejua hilo hudhani amefanya kosa, naye huurudisha mkono wakati dawa imeanza kufanya kazi. Binti huyu alifanya vivyo hivyo. Alikuwa amefundishwa kuuvuta mkono, hakufundishwa kungoja.

Hatusemi binti hana kosa lolote. Hewa moto ilipasa kuvutwa kabla hajarudisha mkono wa mafuta kuanza kuteremka, naye alichelewa. Kosa hilo lipo, na yeye mwenyewe amelikiri. Ila twataka mtazame aliyoyafanya baadaye, maana hayo ndiyo yaliyomrudisha nyumbani, na kila mwanafunzi na mwalimu miongoni mwetu ayashike.

Kwanza, alishika mwendo. Ndege iliyozimika injini haianguki kama jiwe. Hushuka kwa mteremko kama baiskeli iliyoachwa kilimani, mradi pua yake ielekezwe vizuri. Kila aina ya ndege ina mwendo wake ulioandikwa katika kitabu chake. Cessna 172 za zamani hutaka noti 65, yaani maili 65 za baharini kwa saa. Cessna 152, ambayo ni ndogo zaidi, hutaka noti 60. Ukishika mwendo huo katika Cessna 172, pasipo upepo, kila futi 1,000 za urefu zitakupeleka kama maili moja na nusu za baharini. Binti alikuwa na futi 2,000, basi alikuwa na maili kama tatu na muda usiofika dakika tatu. Akiinua pua kwa hofu ili asishuke, mwendo hupungua mpaka bawa haliwezi kubeba ndege, na hapo ndipo ndege huanguka kweli.

Pili, alichagua mahali mapema na hakubadili shauri. Alitua akielekea upepo. Ndugu, hesabuni wenyewe: ndege ya noti 65 ikitua dhidi ya upepo wa noti 10, hugusa ardhi kwa 55. Ikitua na upepo nyuma, hugusa kwa 75. Tofauti yaonekana ndogo, lakini nguvu ya kugonga hukua kwa mwendo mara mwendo, hivyo ile ya 75 ni karibu maradufu ya ile ya 55. Tena sisi wa Nairobi tuna jambo la kuongeza. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege hukimbia juu ya ardhi kwa mwendo unaozidi ule wa saa yake kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kwetu upepo si jambo la kupuuza.

Tatu, alitafuta sababu, lakini baada ya hayo mawili. Hewa moto, koki ya petroli iko upande gani, mkono wa mchanganyiko uko mbele, swichi ya magineto iko pande zote mbili. Mkono wapita kutoka kimoja hata kingine kwa mpango, si kwa kupapasa. Katika hili ndipo alipoteleza, kwa kuurudisha ule mkono wa hewa moto. Kosa hilo halikumwua, kwa sababu mwendo na uwanja alikuwa amekwisha kuvishika.

Nne, alisema katika redio. Alimwambia mnara mahali alipo na atakapotua. Hakulifanya hili la kwanza, na alifanya vema, maana mnara hauwezi kumshikia ndege.

Tano, kabla ya kugusa ardhi alifunga petroli na kuzima umeme wa injini ili pasiwe na moto, akafungua mlango usije ukabanwa. Ndiyo maana wachungaji walimkuta na ufunguo mkononi.

Hayo matano hayaji kwa akili nyingi. Huja kwa mazoea, na mazoea hununuliwa kwa saa za mazoezi. Twasikia matajiri wengine wakinung'unika kwamba mwalimu akirudisha mkono wa mafuta ghafula na kusema "injini imekufa, ufanye nini?" anapoteza saa na petroli, na mara mbili tatu kabla ya mtihani zatosha. Twasikia na wazazi wakisema ni ukatili kumtisha mtoto. Wote twawajibu kwa historia. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwalimu mmoja Mwingereza aitwaye Robert Smith-Barry alianzisha huko Gosport, Uingereza, namna mpya ya kufundisha. Mwanafunzi hakukatazwa hatari. Aliingizwa katika hatari hiyo kwa makusudi, mwalimu akiwa pamoja naye katika ndege yenye usukani wa watu wawili, akaonyeshwa sababu yake na njia ya kutoka. Kabla ya hapo vijana wengi walikuwa wakifa mafunzoni kwa mambo ambayo hakuna aliyewaeleza. Namna hiyo ya Gosport ilienea pengi, na mpaka leo mafunzo ya urubani yamejengwa juu yake.

Lakini mazoezi hayo yafanywe kwa utaratibu. Mwalimu aurudishe mkono wa mafuta; asifunge petroli wala asizime magineto karibu na ardhi, maana hapo mchezo wageuka kuwa kweli. Kila baada ya futi 500 hadi 1,000 ausukume mkono mbele kidogo injini isipoe, na kuhakikisha kwamba bado yaitika. Wawili wapatane kabla ya kuruka ni nani anayeshika ndege na kwa neno gani. Mwalimu anayelipwa kwa dakika za angani tu, bila senti moja kwa saa anayokaa mezani na mwanafunzi, hataona faida ya kueleza habari ya barafu na maji. Hapo twarudi kwenye mambo ya mshahara, ambayo ndiyo kazi ya chama chetu. Neno moja la "ngoja, itatetemeka kwanza" lilikosekana. Nani angelilipia?

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Twasema kwamba barua ile ya deni ni hatari kuliko barafu.

Iko ajali moja ambayo walimu wote waijua. Injini huzimika mara tu baada ya kuruka, ndege iko futi 400 au 500. Mbele kuna vichaka, shamba, labda ukuta wa mtu. Nyuma kuna uwanja mzuri wa lami. Moyo humwambia rubani: geuka, rudi. Akigeuka, mara nyingi hufa. Maana kurudi si kugeuka nusu duara tu, ni lazima azidishe ili ashike mstari wa uwanja, na kila wakati ashuka. Tena ndege inayopinda huhitaji mwendo zaidi ili bawa libebe. Tuseme ndege inayoshindwa chini ya noti 50 ikiwa imenyooka. Ikilala digrii 45 hushindwa chini ya 60. Ikilala digrii 60 hushindwa chini ya 71, na rubani ana 65 tu! Bawa laacha kubeba, ndege yajipindua, na ardhi i karibu. Ndiyo maana sheria ya walimu ni moja: chini ya urefu ambao mmefanyia mazoezi na kupatana, tua mbele yako, kidogo kulia au kidogo kushoto, uvunje ndege ukilazimika, lakini ugonge ukiwa na mwendo mdogo na mabawa yamenyooka.

Sasa fikirini kijana wa miaka ishirini katika kiti hicho. Ana sekunde chache. Kama amesikia kwamba mwenzake aliyetua malishoni akatoka mzima alidaiwa fedha ambazo baba yake hawezi kuzilipa, atachagua nini? Macho yake yatakwenda kwenye uwanja wa lami nyuma, ili aiokoe ndege. Deni limeketi pamoja naye, nalo lamvuta usukani. Tajiri aliyeandika barua ile alidhani amelinda mali yake. Kweli amewafundisha wanafunzi wote wa chuo kile somo moja, nalo ni somo la kufa.

Ndege ina bima. Bawa hutengenezwa. Mwanafunzi anayevunja mguu wa ndege akatoka kwa miguu yake mwenyewe amefaulu mtihani ulio mkubwa kuliko wa serikali, na alistahili kupewa chai na kuulizwa kwa upole yaliyotokea.

Na kuulizwa kwa upole si maneno ya kubembelezana tu. Mataifa yamekwisha kupatana juu ya hilo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kilichokubaliwa mara ya kwanza mwaka 1951, chasema wazi kwamba shabaha pekee ya uchunguzi wa ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumpata wa kulaumiwa au wa kulipa. Waliokubali hayo hawakuwa watu wa kuhurumia wafanyakazi. Walijua tu kwamba mtu anayeogopa kuadhibiwa huficha, na jambo lililofichwa hurudi kuua tena. Binti yetu alikiri kwamba aliurudisha ule mkono. Asingekiri, tusingejua la kufundisha wengine. Je, kesho nani atakiri, akiona aliyekiri ametozwa?

Turudi kwa fundi. Fundi asubuhi ile alifanya kazi yake. Alitoa petroli kidogo katika chupa ya kioo kutoka chini ya kila tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya chupa kama tone, na petroli ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na mafuta ya ndege za jeti, ambayo hayafai kabisa kwa injini ya namna hii. Alitazama mafuta ya injini. Magineto zilipimwa moja moja, maana kila silinda ina plagi mbili na kila moja ina magineto yake, hata moja ikifa nyingine iendelee. Yote yalikuwa sawa na yaliandikwa katika kitabu. Barafu ya saa nne haionekani saa kumi na mbili asubuhi.

Kuhusu kukatwa mshahara, kila mwanachama akumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi amefanya kosa kwa kusudi. Kwa kusudi, ndugu! Si kwa bahati mbaya, wala si kwa sababu tajiri amekasirika. Chama kilipoandika barua na kutaja kifungu hicho, fedha za fundi zilirudishwa. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi kwa sababu amelalamika juu ya usalama. Fundi akisema "ndege hii haitaruka leo", asikubali kutishwa. Na sisi wengine tusimwache asimame peke yake mbele ya meza ya mkubwa.

Ila na sisi tujisemee. Wako mafundi wanaotia sahihi kabla ya kutazama, kwa kuwa ndege "iliruka jana". Wako wanaojaza petroli bila kufunga vifuniko vizuri, mvua ikaingia. Wako walimu wanaotazama saa ya petroli tu bila kupanda kuchungulia tangi kwa kijiti, na saa hizo hudanganya. Injini nyingi zimezimika angani bila ubovu wowote, kwa sababu petroli ilikwisha au koki ilielekezwa kwenye tangi tupu. Hayo ni makosa yetu, na chama hakitamtetea mtu anayeyafanya kwa uvivu. Twadai haki kwa mdomo mmoja, na kwa mkono mmoja tufanye kazi safi.

Watu husema ajali haina kinga. Twaukubali msemo huo kwa radi. Kwa injini ya ndege ya mafunzo hatuukubali, maana kinga zake zajulikana: chupa ya kioo, mkono wa hewa moto, mwendo ulioandikwa kitabuni, mazoezi ya mara kwa mara, na moyo usioogopa deni.

Kwa hiyo twasema chama kidai mambo haya manne katika kila chuo ambacho watu wetu wamo:

Kwanza, mwalimu alipwe kwa saa za kufundisha chini kama anavyolipwa kwa saa za angani.

Pili, mazoezi ya injini kuzimika yafanywe tena na tena mpaka mwisho wa mafunzo, na mwanafunzi asiruke peke yake kabla ya kuelezwa habari ya barafu, pamoja na ule mtetemeko unaokuja kabla ya kupona.

Tatu, mwanafunzi aliyetua kwa shida asitozwe senti kwa uharibifu, isipokuwa imethibitishwa kwamba alifanya kwa kusudi. Wazazi nao wasome karatasi ya chuo kabla ya kutia sahihi, waulize kwa maandishi ni nani hulipa sehemu ile ambayo bima hailipi. Mwanafunzi hana mkataba wa kazi, kwa hiyo kifungu cha 19 hakimlindi. Kinachomlinda au kumfunga ni karatasi ile.

Nne, fundi anayekataa kupitisha ndege asipoteze mshahara wa siku hiyo wala wa siku nyingine.

Mwenye maoni tofauti na alete kwa karani wa tawi, tutayasoma mkutanoni mbele ya wote. Mwenye habari za ndege iliyopitishwa kwa nguvu naye alete. Jina lake halitatajwa.

Fundi wetu yupo kazini. Binti naye alirudi angani, na twasikia kwamba akianza kuteremka huvuta hewa moto mapema, huku akiyataja maneno kwa sauti. Lakini baba yake, ambaye chama hakina kifungu cha kumtetea kwa sababu alitia sahihi karatasi bila kuisoma, kila mwisho wa mwezi bado anapeleka fedha chuoni. Hilo halijaisha, wala sisi hatujanyamaza.

Umoja ni nguvu.